Karatasi Iliyo Ndani ya Gitaa la Papa Anselme

Ninyi mnaojifunza kutengeneza magitaa, nawaomba jambo moja kabla ya mengine yote: karatasi yoyote mnayotaka kuibandika ndani ya gitaa, isomeni kwanza, pande zote mbili. Nasema hivyo kwa sababu nilifanya kazi hiyo hapa Kalemie kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka kumi na minne ya mwanzo nilibandika karatasi nyingi bila kujua hata moja ilikuwa inasema nini. Moja kati ya hizo ilikuwa barua ya mume wangu. Aliniuliza jambo ndani yake, nami nikamjibu bila kulisoma. Barua hiyo ilibaki chini ya uso wa gitaa alilolitengeneza kwa mikono yake, na mwaka huu, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, mtu alikuja kulinunua gitaa hilo.

Nitaeleza taratibu.

Mume wangu, Papa Anselme, alikuwa fundi wa magitaa, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, karibu na ziwa. Mke anayefagia takataka za randa kila asubuhi hawezi kukosa kujifunza kitu. Alinifundisha kwanza kusikiliza. Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akaniuliza, "Inasema nini?"

"Inasema imekauka," nikajibu, kwa kuwa sikupenda kuonekana sijui.

"Wapi! Ingali inakunywa maji. Uirudishe juu ya dari, miezi mitatu."

Ndivyo ilivyo hadi leo, ingawa ninyi mna vipimo ndani ya simu. Ubao uliokauka hujibu upesi na kwa sauti ya juu. Ubao mbichi hujibu kama mtu aliyeamshwa. Papa Anselme hakuwa na kipimo, wala hakukosea zaidi ya mara mbili katika miaka yote niliyomwona.

Mimi nilikosea sana. Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa gundi. Gundi yetu nzuri ilichemshwa kutokana na ngozi ya ng'ombe, kazi ya siku nzima na harufu ya kufukuza wageni, kwa hiyo siku moja nikaona ni akili kutumia uji mzito wa unga wa muhogo. Ulishika vizuri. Wiki ya tatu mteja mmoja, mpiga gitaa wa harusi, akarudi.

"Mama Odette, gitaa yangu iko na watoto ndani."

"Watoto gani?"

"Wa mende! Jana kwa ndoa nilipiga wimbo wa kwanza, wakatoka wote kucheza. Bibi-arusi alipanda juu ya kiti."

Papa Anselme alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilichemsha ngozi kuanzia siku hiyo, nami nawaambia: gundi ya ngozi iwe na moto ambao kidole kinaweza kuuvumilia kwa kuhesabu hadi tano. Ikichemka sana inakufa, na gitaa litafunguka lenyewe mbele ya watu.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu katika kazi. Papa Anselme alikwenda Zongwe kutafuta mbao, akakaa huko wiki sita. Aliniachia karakana na binti yetu mdogo, Odette, pamoja na gitaa lake mwenyewe, lile ambalo hakumwazima mtu yeyote. Uso wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukiuweka mbele ya dirisha uliona mwanga mwekundu ukipita. Ulikuwa wakati wa kiangazi, upepo mkavu, nami nikapika maharage kwenye mbabula humo humo karakanani kwa sababu nje kulikuwa na vumbi. Mbabula ya makaa, hatua mbili kutoka kwenye gitaa! Nilisikia mlio mmoja mdogo, kama kijiti kinachokatika. Ufa ulikuwa umeanza pembeni mwa daraja la nyuzi na kwenda chini, urefu wa kidole changu cha kati.

Barua yake ilikuwa imefika Alhamisi ya tatu ya mwezi wa saba, siku mbili kabla ya ufa. Mvuvi mmoja aliileta pamoja na samaki wakavu, ikanuka samaki tangu siku hiyo. Sikujua kusoma. Mtaani kwetu palikuwa na mama mmoja aliyewasomea wanawake barua zao, lakini alisoma kwa sauti ya kusomea somo kanisani, na hata waliokuwa wakipita njiani walipata habari za nyumba yako. Nilijiambia kwamba sitampelekea. Nilijiambia pia kwamba Papa Anselme angerudi baada ya muda mfupi na kunieleza mwenyewe. Barua ikakaa juu ya kabati.

Ufa wa uso hauzibwi kwa gundi peke yake. Unahitaji kiraka ndani, kitu chepesi ambacho hakitaziba sauti, nacho kibandikwe kikikata ufa, si kuufuata. Sisi tulitumia karatasi nzito. Siku ile ndani ya nyumba hapakuwa na karatasi nzito isipokuwa moja. Niliikata kingo kwa makasi ili iingie kwenye tundu, nikaipaka gundi ya ngozi, nikaingiza mkono, nikaibandika chini ya uso na kuishikilia hadi bega likafa ganzi. Nilikuwa nimeficha kosa moja kwa kosa lingine, wala sikujua.

Alirudi Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane. Aliweka mbao chini, akanawa mikono, akalichukua gitaa lake. Kidole gumba kikapita juu ya ufa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi, sikuweza kwenda mbele wala nyuma.

"Uliziba weye?"

"Ndiyo."

"Umeziba muzuri." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake ya kwanza kwangu katika kazi. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na barua ilifika?"

"Ilifika."

"Walikusomea?"

"Walinisomea."

"Na unakubali?"

Nawaomba mnielewe. Ningeweza kusema: sijui, sikusomewa, barua yako iko ndani ya gitaa lako. Lakini nilikuwa nimepewa sifa dakika ile ile. Nikasema, "Nakubali."

"Aksanti, Mama Odette," akasema, akaanza kupiga, akapiga hadi chakula kikapoa. Nilingoja wiki nzima aniambie nilikubali nini. Hakusema tena.

Nilianza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mmoja, Jumatatu ya pili ya mwezi wa tisa, katika darasa la watu wazima la parokia. Nilikaa mstari wa mbele nikiwa na kitambaa changu kizuri, ili mtu asidhani nimekuja kuomba. Herufi zilinipa taabu mwaka mmoja, kisha zikanikubali. Kitu cha kwanza nilichokisoma kwa hiari yangu hakikuwa kitabu. Nilianza kusoma viraka vyangu mwenyewe, kila gitaa la zamani lililorudi kwa matengenezo. Katika moja nilikuta nusu ya kadi ya ubatizo wa mtu nisiyemjua. Katika jingine, la mzee aliyeimba nyimbo za maziko, kiraka kilikuwa kimetoka kwenye chupa ya dawa. Kiliandikwa: *Tikisa kabla ya kutumia.* Niliona vema kutomwambia mwenyewe.

Kisha nikalikumbuka gitaa la nyumbani.

Kiraka kilicho chini ya uso hakionekani kwa jicho. Inabidi uingize kioo kidogo kupitia tundu, umulike kwa tochi, na ndani ya kioo herufi zote zinakuwa zimepinduka. Mimi ambaye nilikuwa nimejifunza kusoma kwenda mbele, nikalazimika kusoma kwenda nyuma. Nilinakili kila herufi kama nilivyoiona, kisha nikaigeuza karatasi yangu na kuishika dirishani ili maandishi yasomeke kutoka upande wa pili. Ilinichukua siku tatu, wakati Papa Anselme akiwa sokoni. Nilipata haya:

*na ukikataa sitakasirika, ni haki yako. Mbao za huku ni nzuri ila bado mbichi. Odette asichezee randa. Samaki hawa ni wako, usiwagawie majirani wote. Mimi, Anselme.*

Hayo ndiyo yaliyokuwa upande wa pili wa barua. Upande wa kwanza, wenye swali, ulikuwa umegandishwa kwenye ubao kwa gundi yangu niliyoichemsha sawasawa.

Nilikuwa na miezi minne ya kumwuliza, ingawa sikujua kwamba ni minne tu. Kila asubuhi nilisema: leo. Mara moja nilianza. Alikuwa akinoa patasi.

"Papa Odette, ile barua ya Zongwe..."

"Ile njo ilikwisha," akasema. "Ulikubali, sivyo?"

"Nilikubali."

"Basi." Akaendelea kunoa, na mdomo wake ulikuwa unataka kucheka.

Mdomo huo umeninyima usingizi kuliko jambo lolote. Ninyi ni mafundi, niambieni: fundi anaweza kukuta gitaa lake limezibwa ufa, asiingize kioo kutazama kazi ilivyofanywa? Yeye aliingiza kioo katika kila gitaa lililovuka mlango wetu. Basi huenda aliiona barua yake mahali pale tangu Jumamosi ile ile, akajua kwamba sikusomewa, akangoja miaka kumi na mitatu niseme mwenyewe. Au huenda hakutazama hata mara moja kwa sababu aliniamini. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili linalonitisha zaidi. Aliugua mwezi wa pili, akafariki Jumanne ya mwisho ya mwezi wa tatu, na mambo ya kuulizana yakawa yamekwisha.

Nilifanya kazi miaka kumi na mitano zaidi peke yangu. Wengine walikuja kutazama kama mwanamke mjane anaweza kukaza nyuzi. Waliondoka na magitaa yanayolia vizuri. Gitaa la Papa Anselme nililipiga Jumapili mchana, nyimbo tatu, si zaidi. Kisha vifundo vya vidole vikaanza kuvimba, nyimbo zikawa mbili, ikawa moja. Kisha maji ya ziwa yakapanda. Yalichukua ua, yakalowesha ukuta wa karakana hadi usawa wa kiuno, na asubuhi moja nikakuta ukungu mweupe mgongoni mwa gitaa.

Binti yangu Odette, ambaye sasa anakaa juu mlimani na watoto wake, alikuja kunisaidia kuhamisha vitu.

"Mama, iyi gitaa itaoza mbele ya macho yako. Uiuze."

"Nitaiuza siku nikifa."

"Siku ukikufa nani atauza? Weye?"

Chumba anachonipa kwake ni kidogo, kinahitaji mabati mapya, na jiko liko humo humo. Nilijua jiko linaweza kufanya nini kwa uso ule. Odette akampata mnunuzi: Mama Veronika, mwalimu wa kwaya kutoka Kirungu, ambaye angekuja Kalemie kwa boti na kurudi baada ya siku mbili.

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza sawasawa. Nikiliuza gitaa, ninauza swali la mume wangu. Nikikibandua kiraka, ninaufungua ufa, na baada ya hapo sina gitaa la kuuza, nina ubao uliopasuka. Kirungu ni juu, kuna baridi na hewa nyingine; ubao wowote utashtuka ukifika huko, na kinachoushikilia huu ni karatasi ile.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, niliamua kulifungua. Mgongo wa gitaa hufunguliwa kwa kisu chembamba kilichopashwa moto: unakiingiza kwenye kiungo, unangoja gundi ilainike, unasogea upana wa ukucha, unangoja tena. Asiyeweza kungoja asishike kisu hicho. Nilisogea ukucha mmoja, wa pili, wa tatu. Nilipofika upana wa vidole viwili, gitaa lilitoa mlio, ule ule wa siku ya mbabula. Nikakitoa kisu. Nililitazama lote kwa tochi. Halikuwa limepasuka, lilikuwa limelalamika tu. Nikakaa sakafuni nikiwa nimelishikilia, nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa tayari kuharibu kazi ya mtu ili nijue jambo ambalo ningeweza kumwuliza kwa mdomo. Nikapasha gundi, nikakifunga kiungo, nikakifunga kwa mpira wa baiskeli hadi asubuhi.

Mama Veronika alifika saa tatu na dakika kumi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu mkononi kwa sababu ya matope ya uani kwetu.

"Jambo, Mama. Njo hii?"

"Njo yenyewe."

Alilishika vizuri, kwa shingo na kwa chini, hakulivuta kama mbuzi. Akapiga. Sitaficha: alipiga kunishinda, na gitaa lilimfungulia sauti ambayo mimi sikuwa nimeisikia tangu mwenyewe alipofariki. Nilifurahi, na papo hapo nikamchukia kidogo. Nilitaka akose noti moja. Hakukosa.

"Mama, nachukua," akasema. "Ata usiniambie bei mara ya pili."

"Subiri kwanza. Iko na ufa."

Nikamwonyesha ufa, nikamwonyesha kiungo nilichokifungua na kukifunga jana. Fundi anayeuza gitaa bila kuonyesha viraka vyake ni mwizi, hata kama viraka ni vizuri. Akauliza nilifungua kwa nini. Nilikuwa na uongo tayari, kuhusu unyevu. Badala yake nikamweleza habari yote, tangu maharage hadi kioo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu. Odette, aliyekuwa akifunga masanduku, aliacha kufunga.

"Ulikubali bila kujua?" Mama Veronika akauliza.

"Nilikubali."

"Na kama alikuomba kuoa bibi wa pili?"

"Hakuoa."

"Sababu ulimkazia macho, Mama!" akasema Odette kutoka kwenye masanduku, nao wakacheka wawili. Mimi nilingoja wamalize.

Mama Veronika akaliweka gitaa juu ya meza. "Bon. Tufungue leo. Kalemie iko na vijana mafundi, uwaite. Nikingoja boti ya wiki ijayo haina shida. Ufa ukiongezeka nitachukua vile vile. Usome barua yako, Mama."

Nililitazama gitaa.

Alichokitoa mwanamke huyo kilikuwa kikubwa, nami nilijua kwamba sitapewa tena. Lakini nilipofikiria ukurasa ule ukiwa mkononi mwangu, sikuona maneno ya Papa Anselme. Niliona mimi nikisoma jambo nililoahidi, kisha nikihesabu miaka yote ambayo sikulifanya, na yeye akiishi nami kando yangu, akinoa patasi, hasemi.

"Hapana," nikasema. "Uichukue hivi. Siku ubao wenyewe ukiachia, kiraka kitaanguka. Usome weye."

"Mimi?"

"Weye. Usinisomee maneno. Unipigie simu, uniambie kintu kimoja tu: kama nilitimiza au sikutimiza."

"Nami nitajua je kama ulitimiza?"

"Utaniuliza. Nitajibu kweli."

Alifikiri, akakubali, tukashikana mikono juu ya hilo kabla ya kushikana mikono juu ya bei. Tulilifunga gitaa ndani ya blanketi langu la sufu; alikaa nyuma ya pikipiki akiwa amelikumbatia mbele, na shingo ya gitaa ilitokeza juu ya bega la dereva. Sikutoka hadi barabarani. Nilisikia pikipiki ikibadilisha gia kwenye kona, basi.

Leo ni wiki ya tisa. Mabati ya Odette yamepigiliwa, hayavuji. Mama Veronika amepiga simu mara mbili, kunisalimu tu na kusema kwamba ufa umelala. Kila simu yake ikiingia nasimama kwanza, nakaa, ndipo napokea. Na kwa kuwa sipendi kukutwa sijajiandaa, nimechukua daftari, nikaandika maswali ambayo anaweza kuniuliza, na majibu yake kando. Je, ulimpokea mama mkwe nyumbani? Ndiyo, miaka minne, hadi alipozikwa. Je, ulimwacha afanye kazi Zongwe miezi yote ya kiangazi? Hakwenda tena, sikumzuia. Je, ulimfundisha Odette kazi? Nilijaribu, alipenda biashara. Je, ulijifunza kusoma? Ndiyo, kwa kuchelewa. Yako kumi na moja kwa sasa. Kumi yana majibu. La kumi na moja linasema: Je, ulimsamehe? Kando yake nimeandika *ndiyo*, nikafuta, nikaandika tena, kwa sababu ningependa mara hii kujua ninasema ndiyo kwa jambo gani.